Von Lettow-Vorbeck na vita vyake vya miaka minne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukianza kuzungumzia Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, haipiti muda jina la Paul von Lettow-Vorbeck halijatajwa. Wapo wanaomsifu kwa ujasiri, wapo wanaomkumbuka kwa njaa. Haya ndiyo maswali ambayo watu hawachoki kuyauliza. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili kwa sababu hayana zaidi; mengine nimekaa nayo.

Alikuwa nani?

Ofisa wa jeshi la Ujerumani, mtoto wa ofisa, aliyezaliwa Saarlouis mwaka 1870. Kabla ya kuja huku alishapigana China mwaka 1900, kisha Namibia ya leo kuanzia 1904, chini ya Jenerali Lothar von Trotha, katika vita vilivyowateketeza Waherero na Wanama. Huko ndiko alikoumia jicho.

Wanaomsifu hupenda kuiruka Namibia. Mimi naona ndipo pa kuanzia. Aliona huko jinsi watu wachache wanaoijua nchi yao wanavyoweza kulitoa jasho jeshi kubwa lenye mizinga. Miaka kumi baadaye, alipokuwa yeye ndiye anayewindwa, alilitumia somo la wale aliokuwa akiwawinda.

Alitua Dar es Salaam Januari 1914 akiwa luteni kanali. Vita vilimkuta akiwa na miezi saba tu nchini.

Alikabidhiwa jeshi la namna gani?

Jeshi dogo la kikoloni, Schutztruppe: kombania 14, askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani 260 hivi. Halikuundwa kupigana na mataifa makubwa. Kazi yake ilikuwa kuzima maasi, na kazi hiyo lilishaifanya kwa ukatili wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Kombania nyingi zilikuwa na bunduki za muundo wa 1871, zile zinazofuka moshi mzito: ukifyatua mara moja, adui amekwisha kujua ulipojificha.

Kasoro hiyo ilikuwa na upande wa pili. Kila kombania ilizoea kuishi peke yake porini, ikiwa na bombomu zake, yaani bunduki za rashasha, na wapagazi wake, bila kusubiri amri ya makao makuu. Lettow hakuuvunja utaratibu huo. Alimpa mkuu wa kombania lengo, namna ya kulifikia akamwachia mwenyewe. Katika nchi ambayo barua ilichukua siku kadhaa kufika, kiongozi anayetaka kuulizwa kila kitu angeshindwa mwezi wa kwanza.

Kufikia mwanzoni mwa 1916 jeshi lilikuwa limefikia askari 11,000 hivi na Wazungu karibu 3,000.

Ni kweli alimkaidi gavana?

Ndiyo, tena waziwazi. Gavana Heinrich Schnee ndiye aliyekuwa mkubwa wake kisheria, na alitaka koloni, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani (Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo), likae nje ya vita. Alitegemea mkataba wa Berlin wa 1885, ambao uliacha mlango wazi kwa nchi za bonde la Kongo kutoegemea upande wowote. Lettow aliona kwamba koloni haliwezi kujilinda kwa kukaa kimya, na kwamba faida yake pekee kwa Ujerumani ni kuwashika Waingereza huku ili wasipeleke nguvu zao Ulaya. Tarehe 15 Agosti 1914 watu wake waliiteka Taveta, ndani ya Kenya ya leo, na kutoka huko wakawa wanatuma vikundi vidogo kulipua reli ya Uganda.

Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa walikaa. Schnee alitembea na msafara huo huo hadi siku ya kujisalimisha. Miaka minne ya kununiana, njia moja.

Alishindaje Tanga?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lina sehemu ya akili, sehemu ya reli, na sehemu ya uzembe wa adui.

Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta kwa meli kikosi kutoka India, watu 8,000 hivi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Kabla ya kushusha watu, nahodha wa manowari Fox aliingia bandarini kutoa taarifa kwamba makubaliano ya kutoishambulia Tanga yamefutwa. Mkuu wa wilaya, Auracher, akaomba muda wa kushauriana. Muda huo ukatumika kupeleka simu kwa Lettow kule Kilimanjaro, naye akaanza kuwapakia askari kwenye treni za Moshi. Kilomita 350 hivi za reli ya Usambara, kombania moja baada ya nyingine.

Yeye mwenyewe aliwasili usiku wa kuamkia tarehe 4. Mji ulikuwa mtupu. Akachukua baiskeli, akafuatana na Kapteni von Hammerstein na mwenzao mmoja, wakapita mitaa ya Tanga gizani hadi ufukweni kuelekea Ras Kasone. Meli zilikuwa zimewasha taa zote, sauti za watu wanaoshuka zinasikika. Akasimama, akatazama, akarudi na kupanga vita kwa macho yake mwenyewe.

Habari hiyo ya baiskeli husimuliwa kama kichekesho. Kwangu ndiyo picha yake halisi. Aitken alikuwa amekataa kwanza kuchunguza nchi. Aliamini askari weusi watatimka wakiona jeshi la kweli. Lettow, akiwa na watu 1,000 hivi, alikwenda kuona kwanza, ndipo akathubutu. Siku iliyofuata aliwaacha Waingereza waingie hadi kwenye nyumba za mji, akazuia mbele, kisha akapiga pembeni kwa kombania alizokuwa amezificha, matarumbeta yakilia. Baadhi ya vikosi vya India, vilivyochoshwa na safari ndefu ya bahari, vilivunjika. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, nyuma wakaacha mamia ya bunduki mpya, bombomu na risasi zipatazo 600,000. Kwa mtu ambaye hakuwa na njia ya kuletewa silaha, ufukwe ule uligeuka ghala.

Na nyuki je?

Walikuwapo. Mizinga yao iliyokuwa mitini ilipigwa risasi wakatoka kwa hasira, wakauma pande zote mbili. Baadhi ya Waingereza waliamini Wajerumani wametega nyuki kwa makusudi. Nyuki hawakuwa na upande.

Kama alishinda Tanga, kwa nini baadaye alikuwa anakimbia kila siku?

Kwa sababu ya Jasini. Watu wengi hawaijui, na bila Jasini huwezi kumwelewa.

Januari 1915, karibu na mpaka wa pwani, alishambulia ngome ya Waingereza hapo Jasini akaiteka baada ya siku mbili. Aliyetazama kwa nje aliona ushindi mwingine. Lettow alikaa akahesabu. Risasi 200,000 zimekwenda. Maofisa wa kazi, ambao asingeweza kupata wengine, wamekufa kadhaa, akiwamo yule Hammerstein wa baiskeli. Yeye mwenyewe risasi ilimpitia mkononi. Kwa hesabu yake, akipigana vita vya aina ile mara tatu tena, atakuwa hana kitu.

Kuanzia hapo aliacha kutafuta ushindi wa kuonekana. Ngome ikawa haina thamani kwake, mji hauna thamani, hata Dar es Salaam iliyoanguka Septemba 1916 hakuililia. Kilichokuwa na thamani ni kombania iliyo hai yenye risasi mifukoni. Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alipochukua uongozi upande wa Waingereza mwanzoni mwa 1916 alimzunguka mara nyingi, kulia na kushoto, akitaka kumnasa katikati. Kila mtego ulipofungwa, ndani hamna kitu. Wabelgiji nao wakashuka kutoka Kongo, wakachukua Kigali, kisha Tabora mwezi huo huo wa Septemba. Ramani yote ikabadilika rangi, na jeshi lililotafutwa likawa bado lipo, kusini ya Rufiji, linasubiri mvua.

Mvua, mbung'o na malaria vilimfanyia kazi kubwa. Farasi wa Waafrika Kusini walikufa kwa maelfu. Wanajeshi wao wenyewe walirudishwa kwao wakiwa mifupa.

Huo si woga?

Hapana, ingawa askari wake wengine walinung'unika hivyo. Alikuwa akirudi nyuma kwa kuchagua mahali pa kugeuka. Mahiwa, karibu na Lindi, Oktoba 1917, aligeuka na kupigana siku nne. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000 kati ya 5,000 hivi. Yeye mia tano na ushee kati ya 1,500. Ujerumani ikampandisha cheo kuwa meja jenerali.

Hata hivyo Mahiwa ilimrudisha palepale pa Jasini. Risasi nzuri zilikuwa zimekwisha karibu zote. Ndipo akafanya jambo ambalo naona lilikuwa gumu kuliko mapigano yote: alipunguza jeshi lake. Wagonjwa, majeruhi na wachovu, mamia ya Wajerumani na askari wengi, aliwaacha wachukuliwe na Waingereza. Akabaki na Wazungu wapatao 300, askari 1,700 hivi, na wapagazi na familia zao. Novemba 25, 1917, wakavuka Ruvuma, wakaivamia ngome ya Wareno ya Ngomano siku hiyo hiyo, na wakatoka humo na bunduki mpya na risasi za miezi kadhaa. Siku tatu baadaye kundi lake jingine, la Kapteni Tafel, lilijisalimisha kwa njaa kwa kuwa halikumkuta.

Aliwezaje kupigana bila kuletewa chochote kutoka kwao?

Meli mbili tu zilipenya, moja 1915 na moja 1916. Mengine yalitengenezwa hapa. Manowari Königsberg ilipozamishwa delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikawekewa magurudumu na kukokotwa nchi nzima, na mabaharia wakawa watembea kwa miguu. Kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti. Baadaye, porini, walichemsha magome hayo hayo wakapata maji machungu ajabu, ambayo Wajerumani waliyaita "pombe ya Lettow". Buti zilishonwa kwa ngozi za wanyama. Mafuta ya kupikia yalikuwa ya kiboko.

Yote hayo yanasimuliwa sana kama uhodari wa Wajerumani. Anayeuliza nani alivuta kamba za ile mizinga anauliza swali linalofuata.

Askari walimpenda?

Neno "walimpenda" linatumika ovyo. Askari wa Schutztruppe, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo, walikuwa watu wa kazi yao. Uaskari ulimpa mtu mshahara mzuri, bunduki, wake, mtumishi wa kumbebea vitu, na heshima ya bwana mkubwa mbele ya wanakijiji. Ombasha (koplo) au shaushi (sajini) alikuwa mtu. Kiongozi aliyelinda heshima hiyo walimfuata, na Lettow aliilinda: alitembea nao, alikula walichokula, alifika mstari wa mbele, na hakuwatupa ovyo kwenye mashambulizi ya kijinga. Aliruhusu wanawake na watoto waende na msafara, jambo ambalo ofisa mwenye roho ya kambi ya Berlin asingelikubali. Bila wake zao, askari wangebaki wangapi?

Lakini walipoona mambo yamekwisha, wengi waliondoka. Maelfu walitoroka au kutekwa, hasa 1916 na 1917, mshahara ulipokoma na mguu ulipokaribia kuiacha nchi yao. Waingereza waliwachukua waliotekwa wakaunda nao kikosi, King's African Rifles namba sita, na watu wale wale wakaanza kumwinda bwana wao wa jana. Uaminifu wa askari ulikuwa na masharti kama wa mfanyakazi yeyote mwenye akili.

Nani hasa alilipa gharama ya ujasiri huo?

Wapagazi na wakulima.

Hesabu ya Lettow ilikuwa kali kwa risasi na legevu kwa chakula cha watu. Jeshi lisilo na ghala linakula palepale lilipokanyaga. Kombania zikifika kijijini, nafaka inachukuliwa, ng'ombe wanachukuliwa, vijana wanachukuliwa kubeba mizigo, wakati mwingine wakifungwa kamba wasitoroke. Malipo, yalipokuwapo, yalikuwa karatasi. Na kinachobaki kilichomwa ili anayefuata asikikute. Daktari wa jeshi lake mwenyewe, Ludwig Deppe, aliandika kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa inayokuja.

Waingereza hawakuwa bora. Walikusanya wapagazi wanaokaribia milioni moja kutoka pande zote za Afrika Mashariki na Kati, na rekodi zao zenyewe zinataja vifo zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Upande wa Wajerumani hata daftari halikuwekwa. Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalipita yakichukua mifugo na nafaka, mvua zilipokosekana ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wazee wa Dodoma walihesabu umri wa watu kwa hiyo: fulani kazaliwa kabla ya Mtunya, fulani baada.

Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba alipigana miaka minne "bila msaada", ujue msaada ulikuwapo. Haukuombwa tu.

Ni kweli hakuwahi kushindwa?

Si kweli. Alipoteza ardhi yote ya koloni. Mlima Kilimanjaro na reli zote mbili zilimtoka mwaka 1916. Lioma, Msumbiji, mwishoni mwa Agosti 1918, aliponea chupuchupu; King's African Rifles walikuwa wamemzunguka na alitoka usiku akiwa amepoteza watu na mizigo. Kilicho sahihi ni kwamba jeshi lake halikunaswa lote.

Je, aliisaidia Ujerumani?

Kidogo kuliko alivyodai. Ni kweli aliwashughulisha maadui zaidi ya laki moja kwa nyakati mbalimbali, akiwa na watu elfu chache. Ila wengi wa hao, kama King's African Rifles waliokua kutoka 2,400 hadi 35,000 hivi, wasingepelekwa Ufaransa kwa hali yoyote. Vita viliamuliwa Ulaya, na huko hawakusubiri habari za Ruvuma.

Alikuwa muungwana vitani?

Kwa maofisa wa Uingereza, ndiyo. Jasini aliwaachia makapteni waliotekwa baada ya kuahidi hawatapigana tena. Smuts alimwalika chakula London mwaka 1929, na baada ya vita ya pili akamtumia vyakula. Ni urafiki wa kweli, sina sababu ya kuubeza. Uungwana huo lakini ulikuwa wa watu wenye mapanga ya sherehe. Mpagazi wa Kimakonde hakuwahi kuonja tone lake.

Alijisalimisha lini?

Baada ya vita kwisha. Septemba 1918 alivuka Ruvuma kurudi, akapita upande wa Songea na Njombe, kisha akageuka ghafla kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Watu wake waliingia Kasama Novemba 9. Tarehe 13, siku mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya, walimkamata mpanda pikipiki wa Uingereza akiwa na barua: vita vimesimama. Lettow hakuamini mara moja. Kwenye mto Chambeshi leo kuna mnara wa kumbukumbu ya mapatano hayo. Silaha ziliwekwa chini rasmi Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, Novemba 25. Wazungu walikuwa 155, askari zaidi ya 1,100.

Baadaye ilikuwaje?

Machi 1919 alipita Lango la Brandenburg juu ya farasi, umati ukishangilia. Mwaka huo huo aliongoza wanajeshi kuingia Hamburg kuzima ghasia, na 1920 akaunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali, likamfukuzisha jeshini. Akawa mbunge wa chama cha wahafidhina 1928 hadi 1930. Wanawe wawili walikufa katika vita ya pili. Alirudi kutembelea Dar es Salaam mwaka 1953, akapokewa na askari wazee. Alifariki Machi 1964, akiwa na miaka karibu 94. Mitaa na kambi nyingi zilizobeba jina lake Ujerumani zimebadilishwa majina, kwa sababu ya Namibia na kwa sababu ya haya ya huku.

Askari walilipwa mishahara yao?

Walisubiri muda mrefu. Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa waliobaki hai mwaka 1964, mwaka aliofariki jemadari wao. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee mia tatu na zaidi, wachache wao tu wakiwa na cheti. Ofisa wa benki akatafuta ufagio. Kila mzee akapewa ufagio mkononi, akatolewa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea.

Wapagazi hawakuitwa Mwanza. Wao wana soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lenye jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale.